Bedford ya Jeshi, Injini ya Fuso: Tathmini ya Kazi ya Gereji Moja ya Mbalizi

Kipimo cha kwanza kilichochukuliwa siku nilipolifikisha lori langu kwenye gereji hii libadilishiwe injini hakikuwa cha injini. Fundi mkuu alitandika boksi chini ya lori, akalala chali akiwa na futi na kipande cha chaki, akapima umbali kati ya mkia wa giaboksi na uso wa transfa, yaani sanduku la gia linaloigawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, kisha akaiandika namba hiyo kwenye ubavu wa chesisi, mahali ambapo ilibaki kusomeka hadi siku ya mwisho ya kazi. Gereji mbili nilizozipitia kabla ya hapo, moja ya Iringa na nyingine ya hapahapa Mbeya, zilianza kwa kuniuliza nataka injini ya nguvu kiasi gani na nina fedha kiasi gani. Miezi minane baada ya kazi kukamilika, nikiwa nimelitumia lori hilo kubeba viazi katika msimu mzima wa mvua, naamini kwamba kipimo kile cha chini ya lori ndicho kilichoamua kila kitu, na ndiyo sababu nimeona niandike tathmini hii kwa urefu.

Lori lenyewe ni Bedford MK ya magurudumu manne yanayovuta yote, aina ya tani nne iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza kuanzia miaka ya 1970. Wanaolijua watalikumbuka kwa tundu la duara juu ya paa la kabini, matairi marefu ya 12.00-20, na injini iliyokaa nyuma ya viti, ambayo huifikii kwa kuinamisha kabini kama ilivyo kwa malori ya Kijapani bali kwa kufungua vifuniko vya ubavuni. Injini yake ya asili ni ya silinda 6 yenye ujazo wa inchi 330, yaani takriban lita 5.4, na giaboksi yake ni ya gia nne tu. Nililinunua kwa mkulima mwenzangu likiwa limechoka: silinda zimelika, oili inapanda, na gia ya tatu inaruka lori linaposhuka mlima likiwa na mzigo. Simlaumu aliyelitengeneza, kwa maana umri wa lori hili ni umri wa mtu mzima mwenye wajukuu. Shida kubwa ni vipuri. Kampuni ya General Motors, mmiliki wa Bedford, iliacha kutengeneza malori makubwa ya Bedford mwaka 1986, kiwanda cha Dunstable kikauzwa mwaka uliofuata kwa kampuni ya AWD, nayo AWD ikaanguka mwaka 1992. Tangu hapo, anayetaka pistoni na ringi za injini ile hulazimika kuagiza nje na kusubiri, na viazi havisubiri.

Uamuzi wa kuweka injini ya Fuso 6D16 haukuwa wa ushabiki. Injini hiyo ni ya silinda 6 zilizosimama kwenye mstari mmoja, ujazo wake ni sentimeta za ujazo 7,545, haina turbo katika aina niliyoichukua, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi bila kompyuta yoyote. Umeme wake ni wa volti 24, sawa na wa Bedford, jambo lililotuepusha kubadilisha taa, betri na nyaya zote. Zaidi ya hayo, barabara ya kutoka Uyole hadi Tunduma imejaa Fuso, na gasketi, nozeli au presha pleti yake inapatikana Mwanjelwa kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimevutiwa pia na Isuzu 6BG1, ambayo ni ndogo kidogo kwa lita 6.5 na ni injini nzuri kweli, lakini fundi mkuu alinieleza kwamba angeweza kunipatia Fuso ikiwa na giaboksi iliyotoka nayo kwenye gari moja, ilhali Isuzu iliyokuwepo sokoni wakati ule ilikuwa injini tupu. Maneno yake niliyaandika palepale: "Mzee, injini bila giaboksi yake ni nusu ya kazi, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo ghali."

Alikuwa sahihi. Flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), klachi, belihauzi (ganda linaloifunika klachi) na shafti ya kuingilia kwenye giaboksi ni vitu vilivyozaliwa pamoja, na ukivitenganisha unaanza safari ya kwenda kwa mkerezaji mara tano kutafuta milimeta moja. Injini nyingi zilizofungwa kwenye giaboksi ya gari jingine kwa bamba la kuunganishia lililochongwa kwa macho huishia kula bearingi ya mbele ya giaboksi, kwa sababu mhimili wa injini na mhimili wa giaboksi haviko kwenye mstari mmoja. Gereji hii ilikataa njia hiyo tangu mwanzo. Waliongozana nami kwenda kuchagua injini, wakafungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma ili kuona kama inapumua, wakasukuma puli ya mbele kwa mtaimbo kusikiliza kama kranki inacheza, wakapima mgandamizo wa kila silinda, na hawakukubali nilipe mpaka muuzaji alipotoa nyaraka za forodha zenye namba ileile iliyochongwa kwenye bloku. Huduma hiyo pekee niliilipia shilingi 100,000, nami naiona kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Sasa nirudi kwenye kipimo cha chaki, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha kazi hii. Katika Bedford MK, transfa haijashikana na giaboksi. Imefungwa peke yake katikati ya chesisi, na nguvu inaifikia kwa propela shafti fupi, yaani mhimili wa chuma unaozunguka, yenye krosi mbili, ambazo ni viungo vinavyopinda, moja kila mwisho. Mpangilio huo ni neema kwa anayebadilisha injini, kwa maana anaweza kuitunza transfa ya jeshi pamoja na ekseli zake zote mbili bila kuzigusa. Lakini giaboksi ya Fuso ni ndefu kuliko ile ya gia nne, na mkiani mwake ina ngoma ya breki ya mkono. Ukiifunga ilivyo, nafasi inayobaki kwa shafti fupi inakuwa ndogo mno, na shafti inapokuwa fupi, tofauti ndogo ya kimo kati ya giaboksi na transfa inageuka kuwa pembe kali. Krosi inayozunguka kwenye pembe kali haizunguki kwa mwendo sawa: katika kila mzunguko huenda mbio mara mbili na kupunguza mwendo mara mbili, na kinachoifuta hali hiyo ni krosi ya upande wa pili, mradi tu pembe zake zilingane na ya kwanza na uma za shafti (vichwa vyenye panda vinavyoshika krosi) zielekee upande mmoja. Pembe zikitofautiana, lori zima linatetemeka, na baada ya muda bearingi za krosi, sili za transfa na hata masikio ya giaboksi huanza kuvunjika.

Mtu angesema basi isukumweni injini mbele. Hapa ndipo nilipoiona akili ya fundi huyu. Lori la kawaida la Fuso lina ekseli ya mbele isiyovuta, chuma cha mlalo tu, na karta yake, yaani bakuli la oili chini ya injini, imechongwa kukipisha chuma hicho. Bedford ina difu ya mbele (sanduku la gia la katikati ya ekseli) iliyovimba, ambayo hupanda juu kila gurudumu linapogonga jiwe. Waliiweka injini mahali pake kwa mnyororo, wakainua gurudumu moja la mbele kwa jeki hadi springi ikabanwa yote, kisha lingine, wakaangalia difu inakaribia karta kiasi gani. Kwa mbele hakukuwa na nafasi hata ya kidole. Wangeweza kukata karta na kuichomelea upya, kama alivyokuwa amependekeza fundi wa gereji mojawapo ya zile za awali, lakini karta iliyopunguzwa inabeba oili kidogo, na kwenye mlima mkali oili hiyo inakimbilia nyuma na kuiacha pampu ikivuta hewa. Walichagua kuiinua injini kwa vishikizo virefu zaidi, hadi vidole vinne viliposimama kati ya karta na difu hata springi ikiwa imebanwa kabisa. Kila sentimeta waliyoipandisha mbele, hata hivyo, iliongeza pembe ya shafti fupi kule nyuma.

Jibu lao lilikuwa kuondoa ngoma ya breki ya mkono, ambayo haikuwa na kazi tena kwa kuwa breki ya mkono ya lori langu haitegemei giaboksi, kisha kuisogeza transfa nyuma kwa mabano mapya. Kwa njia hiyo shafti fupi ilirudi karibu na urefu wake wa zamani, pembe ikapungua, na mihimili ya giaboksi na transfa ikawekwa sambamba kwa kupima pembe zake kwa pima maji yenye kipimo cha mshazari. Gharama yake ni kwamba shafti ya nyuma ililazimika kukatwa na ya mbele kurefushwa. Mabano yale yalifungwa kwa bolti kwenye ubavu wa chesisi, si kwenye midomo yake ya juu na chini, na hakuna mahali popote walipochomelea chesisi kwa kukatisha. Niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba midomo ya chesisi ndiyo inayobeba mvuto na mgandamizo wote wa mzigo, na tundu moja au mshono mmoja hapo ni mwanzo wa ufa. Ninawasihi wenye malori kama yangu waliangalie jambo hili kwa macho yao wenyewe kabla ya kulipa.

Mambo mengine yalikwenda bila maajabu. Kabini ilifunguliwa bolti na kunyanyuliwa yote kwa winchi ya mnyororo, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya heshima ya kuitoa injini ile. Rejeta ya Fuso iliwekwa pamoja na feni yake na mfuniko wa kuelekezea upepo. Klachi inatumia busta yake ya upepo, na breki za Bedford, ambazo ni za mafuta zikisaidiwa na upepo, ziliunganishwa na kompresa ya injini mpya bila kubadilishwa. Kebo za gia zilitoka kwenye Fuso ileile.

Kwa majaribio sikutaka kuzunguka Mbalizi. Tuliliweka lori mifuko ya mchanga ya tani tatu tukaenda Chimala, tukapanda Matamba kwa barabara ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Aliyewahi kuipanda kutoka bonde la Usangu anajua kwamba hakuna gereji yenye mashine inayoweza kulipima lori kama mlima ule. Kwa injini ya zamani nilikuwa nikipanda sehemu kubwa kwa gia ya kwanza na ya pili, nikisimama mara mbili kupooza maji. Safari hii tulipanda kwa gia ya pili na ya tatu bila kusimama, na mshale wa joto haukuvuka nusu. Tulipokaribia juu, moshi mweusi ulianza kutoka. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, hivyo kwenye uwanda wa Kitulo, ambao uko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, karibu robo ya nguvu imekwisha kupotea, na pampu inayoendelea kumimina dizeli ya kiwango cha pwani inachoma fedha bure. Fundi alishuka na bisibisi na spana, akaipunguza pampu palepale kando ya shamba la viazi, tukaendelea. Sikuwahi kuona fundi akifanya marekebisho hayo mahali yanapohitajika badala ya kuyakisia akiwa gereji.

Kushuka kulinifurahisha zaidi kuliko kupanda. Injini hii ilikuja na breki ya egzosti, ile inayoziba bomba la moshi ili injini yenyewe ilizuie gari, na kwa mara ya kwanza nimeshuka kona zile nikiwa na mzigo bila kunusa harufu ya laini za breki. Kwa anayepita Kitonga au anayeshuka kutoka Makete na mbao mbichi, kifaa hicho kina thamani kuliko nguvu zote za kupandia.

Kwenye lami ya kurudi, kati ya kilometa 55 na 60 kwa saa, sakafu ilianza kuvuma. Fundi hakubishana nami wala hakusema kwamba ndivyo malori ya jeshi yalivyo. Asubuhi iliyofuata aliishusha shafti ya nyuma, akakuta vijana walipoiunganisha baada ya kukatwa waliikosea kwa jino moja, uma zikawa hazielekei upande mmoja. Kurekebisha kulichukua saa mbili, mvumo ukaisha, na sikudaiwa chochote.

Malalamiko ninayo. Niliahidiwa wiki tatu, kazi ikachukua wiki saba. Sehemu ya ucheleweshaji ilikuwa halali, kwa sababu shafti zilizokatwa zilipelekwa Dar es Salaam kwa basi ili zikasawazishwe kwa mashine, na fundi alikataa kuzifunga kabla ya hapo. Lakini katika siku kumi na sita za kusubiri hakuna aliyenipigia simu. Kila nilichojua nilikijua kwa kusafiri kutoka Matamba hadi Mbalizi, na safari hizo zina nauli. Mteja anayetoka mbali anastahili ujumbe mmoja kwa wiki. Kazi ya umeme pia haiko katika kiwango cha kazi ya chuma. Nyaya zilizopita karibu na bomba la moshi hazikufunikwa ipasavyo, na mwezi wa pili waya wa mota inayozima injini uliyeyuka, nikawa nazima lori kwa kulitia gia na kuachia klachi mpaka nilipopata fundi umeme mwingine. Kelele ndani ya kabini ni kubwa kuliko zamani, na mgongo wa kiti unapata joto. Nilipendekeza waweke sufi ya kuzuia joto chini ya kifuniko cha injini, wakakubali, hawakuiweka.

Kuna tahadhari moja waliyonipa kwa maandishi, nami naiheshimu. Giaboksi ya Fuso katika gia yake ya juu kabisa huzungusha mkia wake haraka kuliko injini inavyozunguka, kwa hiyo transfa ya Bedford sasa inaweza kuzungushwa kwa kasi ambayo haikuizoea. Waliniambia nisizidi kilometa 80 kwa saa, niguse transfa kwa kiganja kila ninaposimama baada ya mwendo mrefu, na nibadilishe oili yake mapema kuliko kawaida. Vilevile, msukumo wa injini hii ni mkubwa kuliko wa ile ya lita 5.4, na gia ya kwanza ikiwekwa pamoja na gia nzito ya transfa inaweza kuvunja ekseli ikiwa matairi yamekamata mwamba na dereva amekanyaga mafuta yote. Kijana wangu nimemkataza kabisa kuchanganya hizo mbili isipokuwa kwenye tope, ambako tairi linaweza kuteleza kabla chuma hakijakatika.

Kwa wanaouliza gharama, injini na giaboksi vilinigharimu shilingi 11,500,000, ufundi wote shilingi 3,800,000, na shafti, mabano, mipira, oili na vitu vidogovidogo vilifika karibu shilingi 2,400,000. Daftari langu linaonyesha kwamba kwa lita 100 za dizeli, lori lililokuwa likitembea kilometa 280 na mzigo sasa linatembea 340 kwenye njia zilezile. Sehemu ya nafuu hiyo inatokana na injini nzima badala ya iliyochoka, lakini sehemu kubwa, kwa maoni yangu, inatokana na giaboksi: zamani nilikuwa nachagua kati ya gia iliyozidiwa na gia iliyopiga kelele, na sasa karibu kila mwinuko una gia yake.

Kuhusu sheria, gereji ilinipa barua yenye namba ya injini iliyotolewa na namba ya iliyowekwa, pamoja na nakala za nyaraka za forodha. Kadi ya gari ina namba ya injini, na mabadiliko hayo lazima yapelekwe TRA na gari likaguliwe na askari wa usalama barabarani; barua ile iliniokolea maswali mengi. Gereji nyingi hukuacha ujitetee mwenyewe kwenye kizuizi.

Spidomita bado inadanganya, kwa sababu gia ndogo inayoiendesha imetoka kwenye Fuso yenye matairi mafupi kuliko yangu: inaposoma 60, lori liko karibu na 70. Nimepanga kurudi Mbalizi mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, kubadilisha oili ya transfa na kukaguliwa bolti za mabano, na nimewaambia kwamba safari hii silipi kabla spidomita haijasoma ukweli na ile sufi haijawekwa.